Bango Moja, Wenyewe Wengi: Kufundisha Kiingereza kwenye Hagwon za Korea

Kuna swali ambalo vijana wetu wa Minneapolis, Toronto na Leicester hunitumia kila msimu wa mahafali: kampuni gani ya Korea Kusini inamfaa mwalimu wa Kiingereza? Wanakuja na orodha mkononi. Poly, SLP, YBM ECC, Chungdahm, Avalon. Wamesikia hii inalipa vizuri, ile inanyanyasa, na wanataka nichague jina moja ili watie saini.

Jibu langu halijabadilika tangu nilipoondoka kule. Jina la kampuni litakwambia utafundishia kitabu gani. Halitakwambia kama utalipwa. Hilo limo mikononi mwa mtu mmoja, mwenye tawi, na mtu huyo humwoni kwenye tovuti ya kampuni.

Hagwon ni shule binafsi ya masomo ya baada ya shule. Ziko za hisabati, za piano, za taekwondo, za uchoraji, na za Kiingereza zimejaa kila mtaa. Zile zenye majina makubwa nyingi zinaendeshwa kwa kuuza haki ya jina. Makao makuu, mara nyingi Seoul, hutunga mtaala, huchapa vitabu, hutayarisha mitihani ya kupanga watoto kwa ngazi, huchagua rangi ya bango na ya begi la mtoto. Kisha mtu mwenye mtaji, labda mwalimu wa zamani, labda mke na mume waliounganisha akiba zao, hulipa ada ya kujiunga, hukodi ghorofa moja juu ya duka la dawa, na kuanzia hapo biashara ni yake. Vitabu atanunua kwa makao makuu. Mwalimu ataajiri mwenyewe. Mhuri ulio kwenye mkataba wako ni wake. Ni kama matatu zetu: jina la sacco limeandikwa ubavuni, lakini gari lina mwenyewe, na hali ya breki anaijua yeye. Kuna matawi yanayoendeshwa na makao makuu moja kwa moja, lakini hayo pia huwezi kuyatambua kwa kutazama bango. Inabidi uulize.

Nimefanya kazi chini ya bango moja katika matawi mawili. La kwanza lilikuwa Pyeongchon, mji wa Anyang, kusini ya Seoul, kwenye mtaa ambao hagwon zimepangana ghorofa juu ya ghorofa pande zote mbili za barabara. La pili lilikuwa wilaya ya Suseong, mjini Daegu. Vitabu vilikuwa vile vile, ukurasa kwa ukurasa. Nyimbo za watoto wadogo zile zile. Hata vibandiko vya kumtuza mtoto aliyefanya vizuri vilitoka kiwanda kimoja.

Pale Pyeongchon, wonjangnim, yaani mwenye tawi na mkuu wake, aliniita ofisini wiki ya mwanzo akanitaka niseme natoka Minnesota, basi. Nimezaliwa Mombasa, nimekulia Minnesota tangu utotoni, pasipoti yangu ni ya Marekani. Yote mawili ni kweli, na yeye alitaka moja. Alieleza kwa upole kwamba wazazi wanalipia Kiingereza cha Marekani na wakisikia Kenya watapiga simu. Baadaye binti mmoja wa darasa la tatu aliniuliza nyumbani kwetu tunaongea nini. Nikamwambia Kiswahili, nikamfundisha kuhesabu moja mpaka kumi, na darasa zima likashika. Siku ya pili yake nikaambiwa nisirudie. Darasani kulikuwa na kamera, na picha zake zilionekana kwenye skrini ya mapokezi.

Daegu, mwenye tawi, mama mmoja mtu mzima aliyewahi kufundisha shule ya sekondari, alibandika ramani ya dunia ukutani akaweka pini mbili, moja Minneapolis na moja Mombasa, na jina langu chini ya zote mbili. Mzazi mmoja alipouliza kwa sauti ya wasiwasi kama mimi ni Mmarekani kweli, alimjibu mbele yangu kwamba mwalimu huyu ana lugha mbili toka nyumbani, na mwanao atajifunza kwa mtu anayejua kujifunza lugha ni nini. Nilimwonea fahari. Aliniomba hata niandae asubuhi moja ya Kiswahili wakati wa likizo ya baridi, akawaeleza wazazi kwamba hapo hapo Korea, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni kinafundisha Kiswahili. Wengi hawakuwa na habari.

Bango moja, kitabu kimoja. Mwenyewe ndiye alikuwa tofauti.

Siku ya kazi huanza mchana. Saa nane au saa tisa mabasi madogo ya rangi ya njano yanaanza kuwashusha watoto wa shule ya msingi, na kuanzia hapo vipindi vinafuatana mpaka usiku. Wadogo wanakuja wakiwa bado na nguvu za kuruka. Saa kumi na mbili wanaanza kuingia wa sekondari ya chini, na hawa wamekwisha pita hagwon ya hisabati kabla ya kufika kwako, na wakitoka kwako wana kazi ya nyumbani ya kote kuwili. Nimewaona watoto wa miaka kumi na mitatu wakila mchele uliofungwa kwa mwani huku wamesimama kwenye ngazi, kitabu cha msamiati kikiwa wazi mkononi, kwa sababu kati ya basi na kipindi hakuna nafasi nyingine ya kula. Lilikuwa jambo la kila siku, na hakuna mtu mzima pale aliyeliona geni.

Hapo ndipo moyo wangu ulipobaki, kusema kweli, zaidi ya habari za mishahara ambazo ndizo ninazoulizwa. Mwalimu mgeni anapewa kurasa za kumaliza. Ukimaliza kurasa, mzazi anaona kitabu kimejaa, na kitabu kilichojaa ndicho ushahidi kwamba pesa imefanya kazi. Mtoto ambaye hakuelewa ukurasa wa ishirini anapelekwa ishirini na moja. Ngazi anayopandishwa mara nyingine inatokana na mtihani, na mara nyingine inatokana na simu ya mama yake, kwa sababu mtoto aliyekwama ngazi moja muda mrefu huhamishiwa hagwon ya jirani, na jirani yuko ghorofa ya juu yako. Walimu wa Kikorea ndio wanaobeba mzigo wa simu hizo. Wanapiga simu kwa wazazi jioni hadi jioni, wanaeleza, wanaomba radhi, na kwa saa wanazokaa kazini wengi wao walilipwa vibaya kuliko mimi. Wageni tukikutana tulizoea kulalamika kana kwamba sisi ndio tunaoumia peke yetu. Haikuwa haki.

Mzizi wa yote uko kwenye mtihani. Kila Novemba kuna Suneung, mtihani wa kuingia chuo kikuu, na siku hiyo nchi nzima inapunguza mwendo: ofisi zinafunguliwa kwa kuchelewa ili barabara ziwe wazi, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza ndege haziruki wala hazitui. Mtoto wa Pyeongchon anayehesabu vibandiko akiwa na miaka minane anaandaliwa kwa dakika hizo. Serikali zimejaribu kuvunja mnyororo huu. Julai 1980 utawala wa kijeshi wa Chun Doo-hwan ulipiga marufuku masomo ya ziada ya binafsi. Wenye pesa wakaendelea kufundishiwa watoto wao kwa siri, na hatimaye Aprili 2000 Mahakama ya Katiba ikasema marufuku hiyo inakiuka haki za raia. Baadaye zikaja sheria za saa: Seoul na mkoa wa Gyeonggi unaouzunguka, hagwon hazina ruhusa ya kufundisha baada ya saa nne usiku. Saa nne usiku, yaani, ndiyo nafuu waliyoipata watoto.

Msomaji wa Kenya ataikumbuka Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inayokataza tuisheni ya likizo, na anajua mwenyewe tuisheni imekwenda wapi tangu hapo. Msomaji wa Dar es Salaam naye hahitaji kuelezwa. Mzazi anayeamini kwamba mtihani mmoja utampangia mwanawe maisha hatasubiri serikali imruhusu kumsaidia. Wakorea mwaka 2024 walitumia won trilioni 29.2 kwa masomo binafsi ya watoto wa shule, na mwaka huo huo walimu wenzangu wa zamani waliniambia madarasa yanapungua. Yote mawili yanawezekana kwa pamoja, kwa sababu watoto wenyewe wanapungua. Mwaka 2015 walizaliwa watoto zaidi ya 438,000. Mwaka 2023 walizaliwa kama 230,000. Mwenye tawi aliyekopa kufungua ghorofa yake wakati ule sasa anagombea watoto wanaozidi kupungua na majirani wale wale, na ada ya makao makuu haipungui. Nalisema hili kwa sababu wenye matawi wanaowadhulumu walimu wao si wote waliozaliwa na roho mbaya. Wengi wamebanwa, na wanayeweza kumbana wao ni mwalimu.

Matokeo mengine ni kwamba biashara inashuka kwenda kwa wadogo zaidi. Kuna hagwon za Kiingereza za watoto wa umri wa chekechea, zinazokaa na mtoto tangu asubuhi, na kisheria si chekechea. Ni hagwon kama nyingine. Huko Daechi-dong, mtaa wa Gangnam unaosifika kwa hagwon kuliko mitaa yote ya Seoul, watoto wamekuwa wakifanyishwa mtihani wa kuingia hagwon maarufu za Kiingereza kabla hawajaanza darasa la kwanza. Wakorea wenyewe wameupa jina: mtihani wa umri wa miaka saba, na hiyo saba ni kwa hesabu yao ya zamani, kwetu ni mitano au sita. Mwaka 2025 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Korea ilisema mitihani hiyo inavunja haki za watoto. Nimefundisha watoto wa umri huo. Wanajua kusoma neno refu kuliko mkono wao, na wakiangusha penseli wanalia. Yeyote anayekwenda kuchukua kazi hiyo ajue kwamba analea, na adai muda wa kulea. Wimbo, mchezo, kulala kidogo mchana. Ratiba ya makao makuu haitampa.

Sasa pesa.

Mkataba wa kawaida ni wa mwaka mmoja. Unapewa chumba au posho ya nyumba, mara nyingi tiketi ya ndege, nusu ya bima ya afya, nusu ya pensheni, na mwisho wa mwaka kiinua mgongo cha takriban mshahara wa mwezi mmoja. Mshahara wa anayeanza umekaa pale pale muda mrefu sana. Mwaka 2010 mkataba wa won milioni 2.1 ulikuwa zaidi ya mara mbili ya kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2025 kima cha chini kilifika won 10,030 kwa saa, ambayo kwa mwezi ni won 2,096,270. Yaani ile milioni 2.1 ya zamani, mwaka huo ilikuwa karibu sawa na kiwango cha chini kabisa cha kisheria kwa mtu yeyote anayefanya kazi saa kamili. Ukiletewa mkataba wa kiasi hicho, usione umependelewa.

Dhuluma zina njia zake zinazojulikana. Kuna tawi linalokuandikisha kama mfanyakazi huru na kukata kodi ya asilimia 3.3, ili lisilipe pensheni wala kiinua mgongo, wakati unaingia saa waliyopanga na unafundisha kitabu walichochagua. Kuna linalokata pensheni kwenye mshahara wako na kutoipeleka. Kwa mwenye pasipoti ya Marekani hilo linauma mara mbili, maana makubaliano ya nchi hizi mbili yanampa haki ya kurudishiwa michango yote, yake na ya mwajiri, akiondoka. Kuna tawi linalomfukuza mwalimu mwezi wa kumi au wa kumi na moja wa mkataba, kabla mwaka haujatimia na kiinua mgongo hakijawa haki yake. Na kuna matawi madogo yenye wafanyakazi chini ya watano. Hayo sheria ya kazi imeyasamehe mambo mengi: malipo ya ziada ya muda wa ziada, likizo ya mwaka, hata kinga dhidi ya kufukuzwa bila sababu. Kiinua mgongo hakikusamehewa. Tangu Desemba 2010 hata tawi la mtu mmoja linadaiwa. Ndiyo maana nawaambia vijana wahesabu walimu na madereva kabla ya kuhesabu mshahara.

Viza nayo inamfunga mwalimu kwa mwajiri. Ukitaka kuhamia tawi lingine kabla mkataba haujaisha unahitaji barua ya kuachiliwa, na anayeiandika ni yule yule unayemkimbia.

Viza hiyo, E-2, ndiyo sehemu inayonichoma zaidi. Wanaopewa kufundisha Kiingereza hagwon ni raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Shahada inaweza kuwa ya chochote. Yangu ni ya kilimo. Shangazi yangu amefundisha Kiingereza shule ya msingi Likoni maisha yake yote ya kazi, kwa vyeti vya ualimu, kwa madarasa ya watoto sitini, na vizazi vimepita mkononi mwake vikitoka vinasoma na kuandika. Kwa pasipoti yake ya Kenya hawezi kuomba viza hii. Mimi nilipewa nikiwa sijawahi kushika chaki. Nilipomweleza alinyamaza, kisha akanipa ushauri wa jinsi ya kufundisha kusoma kwa sauti, na huo ndio niliotumia siku ya kwanza.

Kwa hiyo ndugu msomaji wa Nairobi, Arusha au Kampala, wakala akikwambia kwamba ukilipa ada atakupatia kazi ya hagwon kwa pasipoti uliyo nayo, anakuibia. Walio na ndoa na raia wa Korea, au ukazi unaowaruhusu kufanya kazi, hao wana mlango wao wa halali. E-2 haitafunguka kwa ada ya wakala.

Hata kwa waliomo ndani ya saba, heshima haikuja bure. Baada ya mwalimu mmoja wa Kanada aliyekuwa akifundisha Korea kukamatwa Thailand mwaka 2007 kwa kudhulumu watoto, masharti yalikazwa: hati ya mwenendo mwema kutoka kwenu, vipimo vya dawa za kulevya, na kipimo cha VVU. Hati ya mwenendo naiunga mkono kwa moyo wote. Anayekaa na watoto lazima achunguzwe. Kipimo cha VVU kilikuwa jambo jingine, kwani walimu wa Kikorea hawakutakiwa kukifanya. Mwalimu mmoja kutoka New Zealand alikataa kupimwa tena mwaka 2009 akapoteza kazi. Alipeleka shauri mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 Kamati ya Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi ikampa haki. Mwaka 2017 Korea ikaondoa sharti hilo. Mtu mmoja, miaka minane, na walimu wote waliokuja baadaye wamepona. Namshukuru.

Ubaguzi wa ngozi nao upo, na mweusi yeyote anayeomba kazi hizi ajiandae. Picha inatakiwa pamoja na wasifu. Nilijibiwa na wakala mmoja kwamba tawi "linapendelea sura nyingine". Watoto ni habari tofauti kabisa. Wanauliza waziwazi, wanagusa nywele, wanapata jibu, wanaendelea na mchezo.

Basi wa kuuliza ni nani? Mwalimu anayeondoka. Kabla ya kutia saini omba namba ya yule unayekwenda kuchukua nafasi yake, uongee naye bila wonjangnim kuwepo. Ukinyimwa, acha kazi hiyo. Ukipewa, muulize mshahara unaingia tarehe ngapi na kama umewahi kuchelewa, aliyemtangulia alipata kiinua mgongo chake au la, wafanyakazi ni wangapi, na kama tawi limebadili mwenyewe siku za karibuni. Ukifika, baada ya mwezi wa pili nenda ofisi ya Mfuko wa Taifa wa Pensheni uombe karatasi ya michango yako. Wanachapa hapo hapo.

Na mambo yakiharibika, Korea ina Wizara ya Kazi inayosikiliza, hata mgeni. Namba ya ushauri ni 1350. Kiinua mgongo kinatakiwa kulipwa ndani ya siku kumi na nne baada ya kuondoka, na madai yana miaka mitatu kabla hayajafa. Mwenzangu wa Pyeongchon, dada kutoka Durban, aliambiwa hana haki yoyote kwa sababu alisaini kuwa mfanyakazi huru. Alikwenda ofisi ya kazi na mkataba, ratiba za vipindi, taarifa za benki na ujumbe wote wa simu aliotumiwa na mwenye tawi akimpangia saa za kuingia. Mkaguzi aliwaita wote wawili. Alisoma zile ratiba, akamuuliza mwenye tawi mfanyakazi huru gani anaomba ruhusa kwenda kwa daktari, na fedha ikalipwa yote. Dada huyo sasa anafundisha shule ya serikali huko huko, na ndiye ninayewapa namba yake wanaonitaka niwatajie kampuni.